Kihisi cha BME280: kinatosha kuonyesha joto linavyosukuma hewa?

BME280 ya kampuni ya Bosch hupima vitu vitatu: mgandamizo wa hewa, halijoto na unyevu. Kihisi chenyewe ni mraba wa milimita 2.5 wenye tundu dogo kwenye kifuniko cha chuma, na kwa kawaida huuzwa kikiwa kimeshalehemiwa kwenye bodi ndogo yenye pini nne au sita. Wengi hukinunua ili wajitengenezee kituo kidogo cha hali ya hewa. Hapa tunakipima kwa kazi nyingine: kumwonyesha mwanafunzi, au mdadisi wa umri wowote, jinsi joto linavyobadili mgandamizo wa hewa na jinsi tofauti hiyo inavyozaa upepo. Kuna majaribio ambayo kinayafanya vizuri kupita udogo wake, na kuna mengine ambayo kitakudanganya mchana kweupe usipozijua namba zake.

Namba zenyewe ni hizi. Kinapima kuanzia hPa 300 hadi 1100 (hPa ni hektopaskali, kizio cha mgandamizo). Usomaji wake unaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa hPa 1. Ukilinganisha usomaji mmoja na mwingine wa kihisi hicho hicho, kosa hushuka hadi hPa 0.12 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya lile kosa la kwanza haibadiliki, na hujifuta unapotoa namba moja kwenye nyingine. Hiyo ni habari njema. Isiyosemwa sana ni kwamba kila digrii moja ya joto inaweza kusogeza usomaji wa mgandamizo kwa Pa 1.5 hata kama mgandamizo wenyewe umetulia (hPa 1 ni sawa na Pa 100). Kwa kituo cha hali ya hewa hilo ni jambo dogo. Kwa anayechunguza joto na mgandamizo kwa pamoja ndilo la kukumbuka kwanza, maana kile anachokibadilisha kwa makusudi ndicho hicho hicho kinachokiyumbisha chombo chake.

Kabla ya kuunganisha

Hakikisha ulichouziwa ndicho. Bodi nyingi zinazotangazwa mtandaoni kuwa BME280 hubeba BMP280, ambayo haipimi unyevu. Kwa macho, BMP280 ni mstatili wa milimita 2.0 kwa 2.5 badala ya mraba. Kwa uhakika zaidi, soma rejista (chumba cha kumbukumbu ndani ya kihisi) namba 0xD0: BME280 hujibu 0x60, BMP280 hujibu 0x58, na ukiona 0x55 umepewa BMP180 ya zamani. Kwa majaribio ya joto na mgandamizo peke yake BMP280 haina ubaya wowote, ila jaribio la mvuke hapa chini hutaliweza.

Kihisi hula volti 1.71 hadi 3.6. Bodi zenye kidhibiti cha volti hukubali volti 5, zisizo nacho zinaweza kuungua. Kama maelezo ya muuzaji hayaeleweki, lisha 3.3 tu, na hakikisha nyaya za data nazo hazizidi hapo. Anwani yake ni 0x76 au 0x77, kutegemea pini ya SDO imeunganishwa kwenye grandi au kwenye umeme. Hilo ni la manufaa, kwa sababu majaribio mengi ya maana yanataka vihisi viwili kwa wakati mmoja, na viwili hivyo vitakaa kwenye nyaya zile zile bila kugongana.

Upande wa programu, makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kusoma mgandamizo bila kusoma halijoto kwanza. Namba inayotoka ndani ya kihisi ni ghafi. Husahihishwa kwa viwango vilivyohifadhiwa kiwandani ndani ya kihisi chenyewe pamoja na halijoto ya wakati huo, hivyo ukitumia halijoto ya kale unapata mgandamizo uliopinda. La pili ni kusoma rejista moja moja: soma zote kwa mkupuo mmoja kutoka 0xF7 hadi 0xFE, la sivyo unaweza kuchanganya nusu ya kipimo kimoja na nusu ya kingine. La tatu ni la unyevu: ukibadilisha mpangilio kwenye rejista 0xF2, hautafanya kazi mpaka uandike tena 0xF4. Na ukiona namba ghafi ya mgandamizo imeganda kwenye 0x80000, kihisi si kibovu. Kipimo hicho kimezimwa kwenye mpangilio.

Mpangilio wenyewe hutegemea kazi. Kwa kufuatilia hali ya hewa, kipimo kimoja kwa dakika bila kichujio (kinacholainisha usomaji) kinatosha, na hapo kelele ya usomaji, yaani mtikisiko wa namba usio na sababu ya nje, ni kama Pa 3.3. Kwa majaribio ya mezani weka mgandamizo urudiwe mara 16, halijoto mara 2, na kichujio 16. Kelele hushuka hadi Pa 0.2, ambayo ni sawa na kukiinua kihisi kwa chini ya sentimita 2. Inua kihisi kutoka sakafuni hadi mezani na mstari kwenye grafu utaonekana ukishuka. Hakuna barometa ya mshale ya kawaida itakayokuonyesha hilo.

Chupa iliyofungwa: hapa hakina mpinzani

Chukua chupa ya kioo ya lita 1 yenye mdomo mpana na kifuniko cha chuma. Toboa kifuniko, pitisha nyaya nne, kisha ziba kwa gundi ya epoksi na uiache siku nzima ikauke. Tumia waya wenye uzi mmoja mnene. Waya wa nyuzi nyingi huvujisha hewa katikati ya nyuzi, ndani ya ganda la plastiki, hata kama gundi kwa nje imekamata barabara; hii ndiyo sababu ya kawaida ya jaribio kushindwa, na watu huishia kukilaumu kihisi. Kupima kama chupa inavuja, ipashe kwa viganja mpaka mgandamizo uongezeke kidogo, kisha shikilia halijoto palepale kwa robo saa. Mgandamizo ukiteremka polepole kuelekea ule wa nje huku halijoto imetulia, kuna tundu.

Chupa kavu iliyofungwa ikiwa na 20 °C na hPa 1013 inapaswa kupanda kwa karibu hPa 3.5 kwa kila digrii. Mahali pa juu ambapo mgandamizo ni hPa 850, mwinuko huo ni hPa 2.9 kwa digrii, kwa sababu kinachobaki vilevile ni uwiano. Izamishe kwenye beseni la maji ya 40 °C na utafika karibu hPa 1082. Usiende mbali zaidi ya hapo: ukianzia 1013, kikomo cha 1100 kinafikiwa kwenye 45 °C hivi, na kupita hapo namba haziaminiki tena.

Subiri kama dakika kumi kwenye kila hatua ya joto, kwa kuwa bodi huchelewa kupata joto la hewa iliyoizunguka. Ukichora mgandamizo dhidi ya halijoto, nukta hujipanga kwenye mstari mnyoofu, na ukiurefusha mstari huo hadi mgandamizo uwe sifuri unapaswa kuangukia karibu na −273 °C, yaani sifuri halisi ya joto. Kosa la nusu digrii kwenye upana wa digrii 20 hukua na kuwa kosa la digrii 7 mwishoni mwa mstari, kwa hiyo jibu lolote kati ya −265 na −281 ni jibu zuri kwa kifaa cha aina hii. Anayedai amepata −273 kamili, aulizwe amechagua nukta zipi.

Kisha rudia ukiwa umedondosha matone machache ya maji ndani. Kutoka 20 hadi 30 °C hewa kavu ingeongeza hPa 34.6. Yenye maji huongeza karibu hPa 19 nyingine, kwa sababu mgandamizo wa mvuke uliokolea hupanda kutoka hPa 23.4 hadi 42.4. Unyevu kwenye skrini hukaa karibu na asilimia 100, wakati kwenye chupa kavu asilimia hiyo ilikuwa ikishuka kadiri joto lilivyopanda ingawa hakuna mvuke uliotoka. Kulionyesha hilo kwa kihisi kimoja, kwa wakati mmoja, ndiko kunakoitofautisha BME280 na BMP280.

Fungua kifuniko

Sasa ipashe chupa ile ile kifuniko kikiwa kimelegezwa. Halijoto inapanda digrii 10, mgandamizo hausogei. Kwenye lita moja ya hewa, kama mililita 34 zimetoka nje, na iliyobaki imekuwa nyepesi: kila mita ya ujazo imeshuka kutoka kilo 1.204 hadi kilo 1.164. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa shuleni walikariri kwamba hewa ikipata joto mgandamizo hupanda. Hupanda ikiwa imefungiwa. Angani hakuna kifuniko.

Ukiona mstari wa mgandamizo ukiyumba kwa hPa 0.1 au 0.2 wakati wa jaribio hili, usiutafutie maana. Digrii 10 mara Pa 1.5 ni Pa 15. Ni kihisi kinachojisogeza, hewa haijafanya lolote.

Kinachotokea nje ni hiki. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake hutanuka kwenda juu. Tabaka lililo kati ya hPa 1000 na hPa 500 huongezeka unene kwa karibu mita 20 kwa kila digrii ya wastani wake. Kutanuka huko peke yake hakubadilishi mgandamizo wa ardhini hata kidogo, kwa sababu uzito wa hewa iliyo juu yako ni ule ule, kama tani 10.3 kwa kila mita ya mraba usawa wa bahari. Lakini huko juu, kwa kimo kile kile, mgandamizo sasa ni mkubwa kuliko wa jirani asiyepashwa, na hewa huanza kumwagika pembeni. Ikishamwagika, uzito hupungua, na hapo ndipo mgandamizo wa ardhini hushuka na hewa baridi huingia kutoka pembeni kwa chini. Kihisi chako kilichokaa chini hakioni hatua ya kwanza. Kinaona matokeo ya ile ya pili, tena kwa kuchelewa. Kwa hiyo usitarajie mistari ya joto na mgandamizo ya siku moja ifuatane sambamba.

Kisichowezekana na kifaa hiki

Walimu wengi hupenda jaribio la bomba lililosimama: pasha hewa ndani ya bomba la mita 2 na uonyeshe tofauti ya mgandamizo chini yake. Fanya hesabu kabla ya kununua bomba. Hewa ya 40 °C ndani na ya 20 °C nje hutofautiana kwa gramu 77 hivi kwa mita ya ujazo. Kwa kimo cha mita 2, tofauti ya mgandamizo ni Pa 1.5. Kelele ya kihisi haizuii kuiona, lakini ukikiweka ndani ya bomba lenye joto, kosa lake la halijoto laweza kufika Pa 30, mara ishirini ya unachokitafuta. Haionekani, na ukiiona ujue umejidanganya. Tumia moshi wa ubani kuonyesha mwendo, uiache BME280 pembeni.

Hata hivyo hesabu hiyo inafundisha kuliko jaribio lenyewe. Pa 1.5, sehemu moja kati ya karibu 68,000 ya mgandamizo wa kawaida, inatosha kusukuma hewa kwa mita 1.6 kwa sekunde kama hakuna msuguano. Upepo hauhitaji tofauti kubwa.

Nje: vihisi viwili, pwani na bara

Hapa kazi inawezekana, ila inataka nidhamu. Upepo wa bahari wa alasiri huendeshwa na tofauti ya hPa 1 hivi kati ya nchi kavu na bahari. Tofauti hiyo ikitandazwa kwenye kilomita 50, ndani ya saa moja inaweza kuipa hewa mwendo wa mita 6 kwa sekunde, msuguano ukiwekwa kando. Vihisi viwili, kila kimoja na kosa lake la hadi hPa 1, haviwezi kuiona vikitolewa tu kwenye boksi. Viweke kwanza pamoja, kivulini, kwa kimo kile kile, kwa saa 24. Chukua wastani wa tofauti yao na uutoe kwenye vipimo vyote vitakavyofuata. Kisha pima kimo cha kila kituo kwa makini: karibu na usawa wa bahari, mita 1 ni hPa 0.12, kwa hiyo kosa la mita 8 humeza upepo wote unaoutafuta. Kimo cha GPS ya simu hakitoshi.

Kuna mtego mwingine. Mgandamizo una mawimbi yake ya kila siku, yanayotokana na jua kupasha angahewa yote, hasa ozoni na mvuke wa maji ulio juu. Karibu na ikweta huonekana wazi: kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, bonde karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kati ya kilele na bonde kuna hPa 2 hadi 4. Asiyejua hushangilia kila alasiri kwamba mvua inakuja. Ukitoa usomaji wa kituo kimoja kwenye kingine, wimbi hilo karibu lote hutoweka, na ndiyo sababu kituo kimoja peke yake hakisemi lolote kuhusu upepo wa bahari.

Dhoruba ya radi ni rahisi zaidi. Hewa baridi inayoshuka kutoka kwenye wingu ni nzito, na inapofika halijoto huporomoka huku mgandamizo ukiruka hPa 1 au 2, wakati mwingine zaidi. Kipimo kimoja kwa dakika kinaiona vizuri. Kichujio kikubwa, kikitumiwa na vipimo vilivyoachana kwa muda mrefu namna hiyo, hulainisha mruko wenyewe, kizime.

Makazi ya kihisi

Kifaa hiki si kipimajoto kizuri cha hewa, na maelezo ya Bosch yenyewe yanasema halijoto yake kwa kawaida huwa juu ya ile ya mazingira, kwa kuwa inapima joto la bodi na la kihisi chenyewe. Ukikifungia kwenye boksi moja na maikrokontrola (kompyuta ndogo inayokiendesha) yenye Wi-Fi, utaongeza digrii kadhaa za bure. Kitenge kwa waya wa sentimita 20 hadi 50. Zaidi ya mita moja mawasiliano huanza kukatika. Kiweke kwenye kibanda cheupe chenye matundu, tundu la kihisi likitazama chini, mbali na mwanga wa moja kwa moja, kwani mwanga ukiingia ndani ya tundu huweza kuyumbisha usomaji. Usipulizie vanishi ya kukinga maji juu ya tundu. Upepo nao una mkono wake: wa mita 10 kwa sekunde ukigonga ukuta wenye tundu huongeza Pa 60, kwa hiyo matundu yawe pande zote, si upande mmoja.

Joto hilo la bure lina gharama pale unapobadili usomaji kuwa mgandamizo wa usawa wa bahari. Kituo kikiwa mita 1000 juu na kusoma hPa 900, kutumia 30 °C badala ya 20 °C hupunguza jibu kwa karibu hPa 4. Programu inayotumia halijoto ya dakika hiyo hutengeneza mgandamizo mdogo wa uongo kila mchana na mkubwa wa uongo kila alfajiri. Tumia wastani wa halijoto ya sasa na ile iliyosomwa saa 12 kabla, au kanuni ya angahewa sanifu (angahewa ya mfano yenye halijoto iliyokubaliwa) isiyotumia halijoto ya kituo kabisa: gawanya usomaji kwa (1 − h/44330) uliopandishwa kipeo cha 5.255, h ikiwa kimo kwa mita.

Kama lengo lako ni vituo viwili vya pwani na bara na unyevu hauuhitaji, BMP390 ya kampuni hiyo hiyo ni chaguo bora: kosa la kulinganisha ni hPa 0.03 na kuyumba kwa joto ni Pa 0.6 kwa digrii. Kwa chupa na darasa, BME280 inatosha.

Usomaji wa kihisi unaweza kuhama kwa hadi hPa 1 kwa mwaka, kwa hiyo kikague mara moja kila baada ya miezi michache kwa kukilinganisha na ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa karibu, ile namba inayofuata herufi Q. Namba hiyo huteremshwa hadi namba nzima ya chini, hivyo ongeza 0.5 kwa wastani, na imekokotolewa kwa angahewa sanifu, hivyo tumia kanuni ya hapo juu na si ile ya halijoto halisi. Chagua siku ya upepo mdogo, karibu saa 4 asubuhi, wakati wimbi la siku liko kileleni na mgandamizo haubadiliki haraka. Hata ripoti ikiwa ya nusu saa iliyopita haitakuharibia hesabu.